Mama Alivyosimamisha Magari Uthiru

Mchungaji alituambia wasifu wa marehemu usizidi ukurasa mmoja, kwa sababu safari ya kwenda Magharibi ilipaswa kuanza mapema na barabara ya Nakuru haina huruma na waliofiwa. Kazi ya kuuandika nilipewa mimi, kwa kuwa ninafanya kazi mjini na ofisini kwetu kuna kompyuta. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mke mwaminifu, mama mwenye upendo na mtumishi wa jamii aliyejitolea. Shangazi yangu aliusoma akasema umekaa vizuri, ila unaweza kuwa wa mtu yeyote. Nilimwambia ndiyo, lakini ukurasa ni mmoja. Haya ninayoandika sasa ni yale ambayo hayakuenea.

Mama alikuja Nairobi kutoka Magharibi akiwa ameolewa juzi tu, akimfuata Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori la mikate. Walipanga chumba Uthiru, katika ploti ya mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa akilima viazi papo hapo kabla ya lami kufika. Tulizaliwa hapo, mimi na kaka yangu, na chumba kikawa vyumba viwili, kisha vitatu. Mama alikuwa na mashine ya kufuma, na kazi yake ilikuwa sweta za shule. Watoto wa mtaa mzima aliwajua kwa vipimo vyao vya kifua. Hata leo nikikutana na watu wazima wa rika langu huwa nashuku kwamba Mama angewatambua wakiwa wamempa mgongo.

Uthiru, shule yetu ilikuwa upande mmoja wa Barabara ya Waiyaki na watu walikuwa upande wa pili. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa anafikiria nini. Labda hakuwa na watoto. Kila asubuhi tulisimama kando ya lami tukiwa kundi, tukingoja pengo, na pengo likitokea tulikimbia sote kwa pamoja, wakubwa wakiwavuta wadogo kwa mikanda ya mikoba.

Siku moja pikapu ilimgonga binti wa jirani yetu, ambaye nilikuwa nasoma naye darasa moja. Mguu ulivunjika. Hakufa. Muhula uliofuata alirudi shuleni na magongo, na wengi wetu tulimwonea wivu kwa sababu aliruhusiwa kubaki darasani wakati wa gwaride.

Chifu aliitisha baraza. Watu walizungumza kwa uchungu. Mmoja alitaka matuta, mwingine akataka daraja, na mwingine akasema tufunge barabara tuchome magurudumu, na huyo ndiye aliyepigiwa makofi. Mwishowe ikaamuliwa iundwe kamati, na kamati imwandikie barua mkubwa fulani. Mama alinyoosha mkono.

"Na kesho asubuhi je?" aliuliza.

Chifu alisema hilo ni swali zuri na kamati italiangalia.

Asubuhi iliyofuata Mama aliamka kama kawaida, akampikia Baba chai ya kubeba kwenye chupa, akampigia shati pasi, ingawa ile mikate haikujali, kisha akachukua kifuniko cha ndoo ya unga. Kilikuwa cha plastiki, chekundu, kipana kama sinia. Alijifunga leso kiunoni akatoka. Sisi tulimfuata tukidhani anakwenda kuazima unga.

Alifika barabarani akatupanga. Kisha akangoja. Hakuwa na filimbi, na hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, na alishuka kwenye lami kama mtu anayeingia jikoni kwake. Aliinua kifuniko mbele ya kifua, akamtazama dereva wa gari la kwanza usoni. Lile gari likasimama. La nyuma yake likasimama pia, likapiga honi. Mama akamtazama na huyo. Honi ikakoma.

Tulivuka tukitembea. Lilikuwa jambo geni kwetu, kutembea juu ya barabara ile. Kaka yangu alisimama katikati kuangalia ule mstari mweupe kwa karibu, akavutwa sikio.

Nilimuuliza baadaye alijuaje kwamba gari litasimama.

"Gari halisimami," alisema. "Ni mtu anasimama. Sasa wewe unatafuta huyo mtu."

Alidhani ataifanya kazi hiyo kwa wiki moja, mpaka kamati iandike barua. Kamati iliandika. Mimi nilimaliza shule ya msingi, nikaenda sekondari, nikarudi, na Mama bado alikuwa barabarani kila asubuhi na kila alasiri ya siku za shule, na katikati alifuma sweta. Ndoo ya unga tuliifunika kwa sahani.

Kwetu sisi watoto wake hapakuwa na upendeleo. Nikichelewa nilingoja kundi la nyuma. Nikimwita "Mama" pale barabarani alinijibu, "Simama kwa laini." Watoto wengine nao walikuwa wakimwita Mama, kwa hiyo sikuwa na hoja.

Baba alipita hapo kila siku na lori lake akitoka kupakia mikate. Mara ya kwanza alisimamishwa pamoja na wengine. Nilikuwa kwenye laini, nikamwona juu kule akiwa na mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele kama mtu asiyemjua huyu mama wa kifuniko. Tulivuka, Mama akashusha kifuniko, magari yakaondoka, kisha akalisimamisha lori tena kwa ajili ya watoto wawili waliokuwa wanakuja mbio kutoka mbali.

Jioni tulikuwa tunakula.

"Leo umenichelewesha," Baba alisema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na mikate."

"Watoto walikuwa wanavuka."

"Niliwaona. Lakini hiyo pikapu iliyokuwa mbele yangu uliiachilia, mimi ukanishika."

"Huyo wa pikapu simjui," Mama alisema. "Wewe najua utangoja."

Baba alilifikiria neno hilo, kisha akaomba aongezewe mboga. Sikumbuki wakilizungumzia tena. Toka siku hiyo, akifika hapo alizima injini kabisa, akavuta breki ya mkono, akafungua chupa ya chai.

Polisi walichukua muda kugundua. Askari mmoja wa trafiki alikuja na pikipiki asubuhi moja yenye ukungu, akaegesha, akamkaribia Mama akiwa na watoto nyuma yake.

"Mama, kwani wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mama ya watoto."

"Watoto wapi?"

"Hawa."

Askari alitazama laini. Ilikuwa imefika kwenye kibanda cha matunda.

"Hawa wote?"

"Asubuhi, wote. Jioni wanarudi kwa wenyewe."

Askari alimweleza kwamba kusimamisha magari barabarani bila mamlaka ni kosa, na kwamba angeweza kumpeleka kituoni saa hiyo hiyo. Mama alimwambia, "Sawa, afande," akampa kifuniko. Halafu akarudi nyuma, akasimama kwenye laini pamoja nasi, wa mwisho, kama mtu anayetaka kuvuka.

Askari alibaki na kifuniko mkononi. Kengele ya shule ililia. Watoto wakamtazama. Aliangalia pikipiki yake, akaangalia magari, akaingia barabarani. Alitumia mkono kwanza, lakini basi moja likampita, ndipo akainua kifuniko. Alipomaliza kutuvusha alimrudishia Mama, akasema kosa bado ni kosa. Mama akakubali. Yule askari alipita mara kwa mara baada ya hapo, akasimama mbali kidogo na mikono mgongoni, mpaka alipohamishwa. Aliyekuja badala yake alidhani Mama alikuwepo kisheria.

Koti la kumetameta alilovaa barabarani alipewa na mafundi waliokuwa wanachimba mtaro wa maji. Walikuwa wamebakiwa na moja tu, na mgongoni lilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya mgeni. Mama alilivaa miaka yote hiyo. Mwenye ploti alimuuliza kama anajua limeandikwa nini. Alisema anajua, na kwamba watoto wengi hapo bado walikuwa hawajui kusoma Kiingereza.

Sitaki mtu afikirie kwamba alikuwa na barabara tu. Alikuwa na kanisa, alikuwa na kikundi cha akina mama, na alikuwa na wagonjwa. Jumatano alasiri, akishavusha watoto, alikwenda hospitali ya umma kutembelea wagonjwa wasio na watu. Aliwafulia, akawakata kucha. Hakuwa mtu wa kufariji kwa maneno. Nilimsindikiza mara moja nikamsikia mama mmoja akimwambia kwamba anakufa. "Pengine," Mama alimjibu, "lakini hizi kucha ni ndefu." Yule mgonjwa alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Na alikuwa na Baba. Kwa Mama, Baba alikuwa kazi ambayo haikuhitaji kutajwa, kama kupumua. Hakula kabla yake. Hakumsifu mbele ya watu wala hakumsengenya. Akina mama wengine walipokuwa wakieleza maovu ya waume zao, yeye alifuma sweta, na wakimgeukia alisema, "Wangu anapenda chai moto." Walikuwa wakimwona mnafiki. Lakini ni kweli alipenda chai moto.

Nilikuwa nimeajiriwa tayari, nikichapa hati katika ofisi moja katikati ya jiji, Baba alipopatwa na kiharusi. Alikuwa anashusha kreti za mikate huko Muthangari, mbele ya duka, na mwenye duka akaona zimemponyoka. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Maneno yakaondoka. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali alikuwa anatembea kwa mkongojo akimwegemea mtu, na ukimsalimu alikutazama kwa macho yanayoelewa kila kitu, midomo ikafunguka, pakatoka pumzi. Hilo lilimtoa machozi kila mara. Baada ya muda aliacha kujaribu.

Watu wa kanisa walikuja kumwona. Walimweleza Mama kwamba sasa Mungu amempa huduma ya nyumbani, na ile ya barabarani iachiwe wengine. Mama aliuliza ni akina nani hao wengine. Walisema Mungu atawainua. Aliwaandalia chai, akakubaliana nao kwa kila jambo, akawasindikiza mpaka langoni.

Jumatatu alimwamsha Baba mapema. Alimwosha, akamnyoa, akamvisha lile shati la kazi lililopigwa pasi na sweta juu yake. Daktari alikuwa amesema asifungiwe ndani, atolewe aone watu. Kaka yangu alibeba kiti cha plastiki. Wakaenda polepole, Baba akimwegemea Mama begani, na ilibidi watoke nyumbani kukiwa bado na giza ili wafike kabla ya wanafunzi. Mama alimkalisha kando ya kibanda cha matunda, akamfunika miguu kwa blanketi, akaingia barabarani.

Ikawa hivyo. Nilipita hapo kila asubuhi nikienda kazini, nikawaona: mmoja katikati ya lami na kifuniko, mwingine pembeni kwenye kiti. Wanafunzi walimsalimu Baba kwa zamu, "Shikamoo babu," wakipita, wala hawakungoja jibu, na nadhani hilo lilimpumzisha. Madereva wa mikate waliomfahamu walimpungia mkono. Yeye alipunga wa kushoto. Niliuona uso wake ukirudi kidogo kidogo, lakini neno halikutoka. Ilipita miezi.

Siku yenyewe sikuwepo, ila nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana. Mama alikuwa katikati ya barabara ameinua kifuniko, na watoto wameanza kushuka kwenye lami. Matatu moja ikatoka nyuma ya magari yaliyosimama, ikayapita upande wa kushoto, ikapita mbele ya Mama karibu kabisa, kiasi cha kumpeperusha leso. Na kutoka kwenye kiti cha plastiki ikatoka sauti kubwa, safi, ya dereva wa miaka mingi.

"Mshenzi!"

Mama aligeuka. Watoto wakageuka. Mwenye kibanda aliacha ndizi zikaanguka.

"Mshenzi wewe!" Baba alisema tena, na sasa alikuwa amejaribu kuinuka.

Mama aliwavusha watoto kwanza. Wote wanaosimulia husisitiza hapo: aliwavusha mpaka wa mwisho, akashusha kifuniko, ndipo akakimbia. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika Baba mashavu, akamwambia, "Rudia."

"Mshenzi," Baba alisema, machozi yakimtiririka.

Mama akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Wakati huo dereva wa matatu alikuwa ameegesha mbele, ameshuka, anarudi kwa hasira kumtafuta aliyemtukana. Alikuwa kijana mwenye shingo nene. Alikuta mzee analia, mama anaimba, na mwenye ndizi amevua kofia.

"Kwani nimefanya nini?" aliuliza.

"Umemponya," Mama alisema.

Kijana alichuchumaa mbele ya kiti. Akaomba msamaha, sijui wa lipi. Mama alimkumbusha kwamba alikuwa karibu kuua watoto, na hilo nalo akaliombea msamaha. Kisha Mama akampa masharti: kila asubuhi akifika hapo asimame vizuri nyuma ya wenzake, ateremshe kioo, mzee apate kumwambia lolote atakalo.

Alifanya hivyo, nimeona kwa macho yangu. Alisimama, akateremsha kioo, akasema, "Mzee, niaje?" na Baba alimtukana. Abiria walidhani ni ugomvi wa ukoo. Kwanza lilikuwa neno lile moja. Baada ya wiki kadhaa yakawa matatu. Kisha akaweza kumwambia tairi lake la nyuma limeisha, kwa sentensi nzima, na yule kijana akaenda akalibadilisha.

Jumapili Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mume wake amesema. Waumini walipiga vigelegele. Mchungaji akauliza neno la kwanza la mzee lilikuwa lipi.

"Mchungaji," Mama alisema, "lilikuwa neno fupi."

Mwaka mmoja shirika moja lilimwalika mjini kupewa cheti cha watu waliojitolea. Sherehe ilikuwa hotelini, katikati ya jiji. Nilimpokea kituoni akiwa na gauni lake la arusi za watu na mkoba mweusi. Tulifika Barabara ya Kenyatta, nami nikaanza kutazama kushoto na kulia kama tunavyofanya sote, nikangoja nafasi ya kukimbia. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshashuka. Aliinua mkoba mbele ya kifua. Teksi ikasimama, basi likasimama, gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza likasimama. Watu wote waliokuwa wamekwama pande mbili walivuka, wenye suti na wenye mikokoteni, na Mama akabaki katikati mpaka bibi mmoja mwenye vifurushi alipofika salama. Kisha akaniambia, "Twende, tutachelewa."

Cheti alichopewa kilikuwa na jina la mama mwingine. Nilitaka kurudi jukwaani. Alinizuia. Alisema labda jina lake liko kwenye cheti cha huyo mama, na kuvibadilisha sasa ni kumwaibisha aliyeandika. Alikitundika sebuleni. Wageni wakiuliza huyo ni nani, alijibu, "Ni mama mmoja alifanya kazi nzuri." Kiko hapo mpaka leo.

Daraja lilikuja hatimaye, barabara ilipopanuliwa. Lilikuwa la chuma, la watembea kwa miguu, lenye ngazi ndefu pande zote. Siku ya kulifungua wakubwa walikuja na utepe. Mama alipangwa na akina mama wa kuimba, safu ya pili. Mheshimiwa mmoja alimshukuru Mungu, akawashukuru wahandisi, akaushukuru mtaa kwa uvumilivu. Mama alipiga makofi pale ilipobidi. Nilimuuliza kama imemuuma. Aliniambia alikuwa anaangalia zile ngazi, maana vyuma vya pembeni vilikuwa na mapengo ambayo mtoto wa chekechea angepita. Alimfuata mhandisi akamwonyesha. Wavu ukawekwa. Huo ndio mchango wake ninaoujua mimi katika lile daraja.

Ila daraja ni refu na watu wa Nairobi wana haraka. Walipita chini yake. Kwa hiyo Mama hakustaafu, alisogea tu, akawa anasimama chini ya ngazi akiwa na koti lake la mgeni. Kazi yake sasa ikawa neno moja: "Panda."

"Mathe, mi nimechelewa," kijana mmoja alimwambia.

"Ukigongwa utachelewa zaidi. Panda."

Akapanda. Magoti ndiyo yaliyomtoa Mama kazini. Ilifika asubuhi akashindwa kutoka kitandani bila kushika ukuta, na siku hiyo wanafunzi walipanda daraja wenyewe, tena kwa laini. Kaka yangu alikwenda kuangalia, akaja kumwambia. Mama alisema, "Vizuri," akageukia ukutani. Nadhani alilia, lakini alikuwa amejifunika blanketi.

Baada ya hapo wakawa wazee wawili nyumbani, na hawakujua la kufanya na asubuhi. Walisikiliza redio wakiikosoa. Jioni walijifunza kutembea bila sababu, jambo ambalo Mama hakuwahi kulifanya maishani. Walikuwa wakienda upande wa Mountain View, mkongojo na magoti, wakipumzika kila mahali penye ukuta wa kukalia. Niliwafuata siku moja nikawasikia.

"Tunaenda wapi?" Baba aliuliza.

"Hatuendi mahali."

"Sasa tutajuaje tumefika?"

"Ukichoka tumefika."

Baba alikaa hapo hapo.

Mama alikuwa na presha kwa muda mrefu. Alasiri moja alikuwa anamenya maganda ya minji mlangoni akasema kichwa kinamgonga, akaomba maji, na kikombe kikamshinda kushika. Tulimpeleka hospitali. Kesho yake alikuwa na fahamu, amelala ubavu, nami nikakaa naye saa ya kutembelea wagonjwa. Sauti yake ilikuwa chini lakini maneno yalikuwa mazima.

"Baba amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Ugali na sukuma."

"Nani alipika?"

"Mimi."

"Basi hajakula," Mama alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini alinishika kidole kimoja, kile kidogo, akaendelea kukishika. Tulikaa hivyo. Alipofumba macho nilidhani amelala. Muuguzi ndiye aliyekuja akamgusa shingoni, akanitazama, na nikaelewa, lakini sikukitoa kidole changu mpaka aliponiomba. Niliona ajabu kwamba mkono wake bado ulikuwa na joto. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kuushika mkono wa Mama kwa muda mrefu hivyo, kwa kuwa siku zote ulikuwa na kitu.

Kumwambia Baba ilikuwa kazi yangu pia. Niliketi mbele yake nikamwambia. Alinyamaza sana, nikaogopa kwamba maneno yameondoka tena. Halafu akauliza kama nimekula.

Ibada ya kumuaga ilifanyika kanisani Uthiru. Ule wasifu wangu wa ukurasa mmoja ulisomwa, watu wakasikiliza kwa heshima. Ibada ilipoisha tulitoka nje tukakuta watu ambao hawakupata nafasi ndani, wengi wao watu wazima wenye watoto wao, na hakuna aliyekuwa amesukumana. Walikuwa wamesimama kwa laini. Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi. Hapo sikuweza.

Yule dereva wa shingo nene alikuja na gari lake kubeba waombolezaji. Baba alikataa kupanda kwingine. Alikaa mbele naye mpaka Magharibi, na waliokaa viti vya nyuma wanasema walikuwa kimya njia nzima, ila kwenye mteremko mmoja Baba alimwambia apunguze, akapunguza. Tulimzika Mama kwao Baba, nyuma ya nyumba ya nyanya, mvua ikinyesha kidogo.

Tuliporudi Uthiru, nyumba ilikuwa kama ilivyoachwa na wageni wa matanga. Shangazi alitaka kutupikia. Baba akasema hapana, ataipika chai yeye. Hakuna aliyewahi kumwona akiwasha jiko. Tukamwacha. Tulimsikia jikoni akihangaika kwa mkono mmoja, akiongea na vitu. Kaka yangu aliinuka kwenda kumsaidia, nikamketisha.

Alikaa muda mrefu sana. Alipotuita tulikuta ametumia sufuria ya kwanza aliyoiona, ile kubwa iliyoazimwa kanisani kwa ajili ya matanga, ile inayobebwa na watu wawili. Alikuwa ameijaza kwa jagi, safari baada ya safari. Majani yalikuwa mengi, maziwa kidogo.

"Ni moto," Baba alisema.

Ilikuwa moto. Tulimwita mwenye ploti, tukawaita wapangaji, kila mtu akaja na kikombe chake. Hata hivyo haikuisha. Tuliinywa mpaka kesho yake jioni, tukiipasha tena, na Baba hakuruhusu imwagwe.